Neno Lenye Vumbi Ndani

Neno lile nililisikia mara ya kwanza kinywani mwa daktari wa kampuni, na hakuwa akiniambia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa chumba cha radio, kile cha kupigia picha za ndani ya mwili, shati la mume wangu mkononi, na mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, kifua wazi, anangoja aambiwe avae. Daktari akainua picha ya mapafu mbele ya dirisha, akamwambia daktari kijana aliyekuwa anajifunza kwake neno moja refu la Kifaransa. Kijana akauliza kama ni hakika. Daktari akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akafungua pazia, akamsemesha mume wangu kwa kile Kiswahili chake cha kazini:

"Weye iko na bronchite. Acha tumbako. Acha lutuku. Kesho kazi."

Mume wangu hakuvuta tumbako hata siku moja. Lutuku, ile pombe kali ya mahindi, aliionja kwenye sikukuu, na mimi ndiye niliyemmiminia. Daktari alijua ugonjwa wenyewe, alikuwa ametoka kuutaja kwa mwenzake, na mdomo uleule ukageuka ukatupa sisi ugonjwa mwingine wenye jina fupi, kikohozi cha wavuta tumbako. Huyo ndiye wa kwanza ninayemshitaki. Alirudi kwao Ulaya na mafuta mwilini, nadhani hata sura zetu hakuondoka nazo.

Alichosahau ni kwamba mwanamke aliyeshika shati ana masikio.

Mimi masomo sikupata. Nilisoma mpaka mwaka wa pili, baba akasema inatosha. Lakini sisi wake za wafanyakazi kule kambini tulikuwa na foyer, nyumba ambapo kampuni ilitufundisha kushona, kupika kizungu, kuogesha watoto, na kusoma kidogo. Monitrice wetu, yaani mwalimu, aliona tunaona haya mbele ya ubao, watu wazima na mimba zetu, tunachekana. Basi akatafuta njia. Alitufundisha kusoma huku tunafuma na ndoano. Kila tundu la uzi, silabi moja. Ma, unavuta uzi. La, unavuta. Ma-la-ya, akasema siku moja mama mmoja wa nyuma, na darasa likafa kwa kicheko mpaka monitrice mwenyewe akajifuta macho. Ndivyo tulivyojua kusoma: kwa vidole kwanza, macho baadaye.

Kwa hiyo neno la daktari lilipopita hewani, vidole vyangu vililidaka kabla ya kichwa. Kwenye korido ya hospitali nilikaa kwenye benchi, nikatoa uzi kwenye mfuko, nikaanza kuvuta. Pneu. Mo. Ko. Nioz. Nikarudia. Pneu, mo, ko, nioz.

Mume wangu akanitazama huku anafunga vifungo.

"Weye unasema nini peke yako?"

"Ugonjwa yako."

"Bronchite?"

"Hapana. Ile alimuambia mwenzake. Inaanza na pneu."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akakunja mgongo mpaka kikapita. "Pneu? Basi niko na gurudumu mu kifua. Juu ya ile ninasikia upepo unatoka. Banipeleke ku garage."

Alikuwa mtu wa hivyo. Alikuwa mwembamba tayari, kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa, na bado anafanya mzaha.

Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kuvunja mawe, yale mawe meupe wanayoyachanganya na madini kwenye tanuri. Jiwe linaingia kubwa kama mbuzi linatoka unga. Alirudi nyumbani nyusi nyeupe, kope nyeupe, watoto wanamwita babu. Kampuni iliwapa kitambaa cha kufunga mdomoni. Ukikifunga, joto linakuua, na capita, msimamizi wa zamu, hasikii unachomjibu, anakutukana. Basi walikivaa shingoni.

Kesho yake nikaenda foyer mapema, kabla ya wenzangu. Monitrice alikuwa anapanga viti. Mwanamke msafi, kitambaa cha kichwa kimesimama kama kimepigwa pasi kikiwa kichwani. Alikuwa amesoma kwa masista, Kilatini na Kigiriki, mpaka karibu na diploma, ndoa ikamkatisha. Nikamwambia, mama, nina neno, sijui mwanzo wake wala mwisho wake. Nikalisema jinsi vidole vilivyolishika.

Alilirekebisha kidogo mdomoni, akalipenda. Niliona macho yake yanawaka kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Akachukua chaki, akaliandika lote ubaoni, refu kutoka ukingo hadi ukingo: pneumoconiose.

"Tulikate kwanza kwa mdomo," akasema, akatia mistari. Pneu, mo, co, niose. Tukapiga makofi pamoja, silabi kwa silabi. Kisha akafuta ile mistari kwa kidole. "Sasa tulikate kwa maana. Hapo kisu hakipiti palepale."

Akatia mistari mingine. Pneumo. Coni. Ose.

"Pneumo ni mapafu, nyumba ya pumzi. Hata pneu ya gari ilipata jina huko huko, juu inajaa hewa. Ose ni ugonjwa unaokaa, hali ambayo muntu anaingia na hatoki. Na hii ya katikati, coni, ni Kigiriki cha..."

Chaki ilibaki hewani.

"Cha nini, mama?"

"Vumbi," akasema.

Nilitazama ubao. Ukilikata neno kwa mdomo, vumbi linavunjika katikati, nusu inabaki huku, nusu inakwenda kule, na huwezi kuliona. Daktari alilisema kwa mdomo, haraka, na vumbi likapita mbele yangu limevunjwa hivyo. Kumbe lilikuwa limekaa katikati ya neno tangu mwanzo. Mapafu, vumbi, ugonjwa usiotoka. Neno lenyewe lilikuwa linasema nani amefanya.

Monitrice alifuta ubao kwa kiganja, hakungoja kitambaa. Akaenda mlangoni, akatazama nje.

"Citoyenne," akasema, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, "hii neno ulisikia wapi?"

"Kwa munganga wa kampuni."

"Usiseme mimi ndiye nilikufasiria. Umenisikia? Mimi nina watoto."

Nilimwahidi. Mimi pia nilikuwa na watoto.

Mume wangu nilipomweleza hakushangaa. Alikuwa amelala kwenye mkeka uani, maana ndani alikosa hewa. Akasema, "Mama ya batoto, nani hajue ni vumbi? Hata ile mashini inajua. Lakini kampuni haikusema. Kintu kampuni haikusema, hakiko." Kesho yake akaenda kazini.

Mimi nikaenda kwa delege wa sendika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Kwa wasiojua nyakati zile: sendika na Chama cha Rais vilikuwa kitu kimoja, na Chama na serikali kitu kimoja, na kampuni mali ya serikali. Nilimkuta uwanjani anawapanga wanawake waliovaa vitambaa vyenye picha ya Rais, wanajifunza wimbo wa kumpokea mkubwa kutoka Kinshasa. Nikamvuta pembeni, nikamwambia neno na maana yake. Alinisikiliza anafunga na kufungua kifungo cha abacost yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai.

"Mama, zamani kampuni ilikuwa ya Babeleji. Sasa iko yetu. Unataka kusema siye bana-inchi tunajiua siye wenyewe?"

"Minasema vumbi inaua bwana yangu."

"Basi rudi ku mustari, ucheze. Sauti yako iko muzuri."

Huyo ndiye wa pili. Baadaye nilisikia naye alikufa, sijui kwa ugonjwa gani. Sikwenda kilioni.

Mume wangu alikufa kwenye majira ya mvua, mchana, amekaa, maana kulala kulikuwa kumemshinda. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Walikuja ndugu zake. Kaka yake mkubwa, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, mtu wa maneno machache, mkanda wa kupimia shingoni hata kilioni. Dada yake, yaani wifi yangu, muuza samaki wa soko la Kenya, mtaa wa palepale Lubumbashi, sauti yake inafika kabla yake. Na mama yao mzee aliyekuwa kwetu tangu mwanzo wa ugonjwa, akimsaidia mwanawe kukaa, akimsugua mgongo, analala na kikohozi kile sikioni. Tulimzika. Siku ya kumaliza kilio ilipofika wakaniketisha chini, katikati ya uwanja, kichwa wazi, kamba nyeusi kiunoni, mbele ya ukoo wake na jirani zangu na wenzake wa kazi waliokuwa wametoka zamu, nyusi bado nyeupe.

Kamba ile ni ya mjane. Ukoo wa mume ndio unaoifungua, wanakupaka unga mweupe kwenye paji, na tangu hapo kifo kimekutoka, unaweza kula na watu. Wasipoifungua, unaondoka na kifo cha mumeo mwilini. Hakuna atakayekunywa kikombe kimoja na wewe, wala kukukabidhi mtoto mchanga. Na watoto wako mwenyewe wanabaki kwa ukoo, nani atawaacha kwa mwanamke wa namna hiyo?

Wifi ndiye aliyelisema.

"Shiye tunajua hii kifua. Hata ku mugini iko. Mwanamuke anatoka njee na bwana ya wengine, anarudi, hasafishwi, anatia chumvi mu sufuria. Bwana anakula. Bwana anaanza kukohoa. Iseme tu, wifi yangu. Ulitia chumvi, ao hukutia?"

Msomaji wa mbali labda atacheka. Kwetu hakuna aliyecheka. Kila mwanamke pale alijua kwamba chumvi inabeba uchafu wa aliyeitia, mimi pia nilifundishwa hivyo na mama yangu, na siku zangu za mwezi nilimwita binti wa jirani aje kunitilia. Kila siku nilipika. Kila siku nilitia chumvi. Ningejibu nini?

Nikasema, "Bwana yangu aliuliwa na vumbi. Munganga mwenyewe alitaja." Na nikalitoa neno, lote, mbele ya watu.

Kaka mkubwa akaniuliza polepole, "Hiyo Kifaransa, nani alikufundisha?"

"Bwana ya njee!" akapokea wifi. "Amesoma sana, huyo bwana!"

Watu wakaguna. Hapo nikamwona monitrice. Alikuwa amekuja kuleta sukari na kitambaa, rambirambi za foyer, amekaa na wanawake wengine ukutani. Ahadi yangu kwake niliikumbuka. Lakini nilikuwa na kamba kiunoni.

"Mama yule ndiye anajua. Mumuulize yeye. Anajua kila kipande."

Wote wakageuka. Kaka mkubwa akamwuliza kwa heshima, "Citoyenne, hii neno iko kweli? Inasema vumbi?"

Monitrice alifungua pochi yake, akatazama ndani kama jibu limo humo. "Mimi ninafundisha kushona na kupika," akasema. "Mambo ya munganga siyajue."

Akafunga pochi. Tak.

Huyo ndiye wa tatu, na kwangu ndiye mkubwa kupita wote. Daktari hakuwa mtu wetu. Delege alikuwa mtu wa tumbo. Lakini huyu alinifundisha neno kwa furaha, makofi yetu yalipigwa pamoja, na siku niliyolihitaji alinitazama nimekaa chini kichwa wazi akasema hajui. Wengine wananiambia msamehe, alikula mkate wa kampuni. Nani hakuula? Nyumba niliyokuwa nimekaa mbele yake ilikuwa ya kampuni. Unga wa kilio ulikuwa wa kampuni.

Sikuwa na mtu tena. Nikageukia benchi la wenzake wa kazi.

"Bababa," nikawaambia, "munisaidie kuikata. Pneumo ni mapafu. Bwana yangu alikuwa anagonjwa nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mapafu, mama. Pumzi."

"Ku kazi yenu mulikuwa munavuta nini?"

Kisha mwingine, chini chini, "Vumbi."

"Coni ni ile. Vumbi. Na ose ni ugonjwa yenye haitoke. Ilitoka?"

"Haikutoka," wakasema wawili watatu pamoja.

Nilidhani nimeshinda. Neno lilikuwa limesimama uwanjani, zima, na wanaume wameliunga. Lakini wifi alipiga mikono yake ya samaki.

"Vumbi! Ekeh! Lubumbashi yote ni vumbi! Mimi ninafagia sokoni kila asubuhi, ninaila, ninailalia. Mbona sijakufa? Chumvi ndiyo inachagua muntu. Vumbi haichagui."

Watu wakacheka, hata majirani zangu. Na kaka mkubwa akaitikia kwa kichwa, naona alikuwa ameridhika. Kweli, wifi alikuwa amejibu vizuri, nikakosa la kumjibu. Nimelifikiria miaka mingi baadaye na nikalipata, kwamba vumbi la jiwe lililosagwa silo vumbi la barabara. Siku ile halikuja. Neno lilikuwa limenipa vyote lililokuwa navyo.

Katika kile kicheko mtu mmoja wa benchi akaanza kukohoa. Alikuwa mwenzake wa mashine moja na mume wangu, mzee kidogo, mjane, tuliyemjua kambi nzima kwa ubahili. Alipika mwenyewe kwenye mbabula, jiko la mkaa, mlangoni pake, na hakukaribisha mtu. Alikohoa kwa muda. Kaka mkubwa akamngoja amalize, aendelee na hukumu. Hakumaliza. Kikohozi kilianza kikavu, kikashuka, kikafika mahali fulani chini ambapo kilikwama, na mtu akabaki kinywa wazi bila sauti mpaka hewa irudi.

Mama mkwe akainua kichwa.

"Hii ni kikohozi ya mwana yangu," akasema.

Wifi akataka kuongea. Mama mkwe akamkata kwa mkono, akajivuta kwenye mkeka mpaka mbele ya benchi.

"Baba. Weye unakohoa tangu wakati gani?"

"Inapita ku mvua ngapi, mama. Sijue tena."

"Bibi yako iko wapi?"

"Alikufaka, mama. Mbele sijaanza hata hii kazi ya mawe."

"Na mwengine?"

"Mwengine wa kazi gani? Atakula posho yangu."

Watu wakacheka tena, kicheko kingine. Mama mkwe hakucheka.

"Nani anakupikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Chumvi nani anatia?"

"Chumvi?" Alishangaa kama ameulizwa nani anapumua kwa ajili yake. "Chumvi yangu? Mimi, mama. Ninaifungaka mu kitambaa, ninailalia ku kichwa. Muntu mwengine haigusi!"

Nilisikia wanaume wa benchi wanahema, na nilijua kila mmoja anahesabu wake zake, nani atakaa chini hapa nilipo mimi siku yake ikifika. Wifi alitazama samaki wasiokuwepo mikononi mwake. Mama mkwe akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Leta unga."

"Mama, tungoje kwanza..."

"Unga, ninasema."

Akaleta. Mama mkwe mwenyewe alinifungua kamba, akanipaka unga kwenye paji. Kaka mkubwa alipaswa kutamka kwa ukoo kwamba sikufanya. Alitamka, "Tuache hii maneno." Mpaka leo ndilo tamko nililo nalo. Watoto waliniachia, na ukoo ule haukuwahi tena kunitembelea. Nyumba kampuni iliitaka kabla unga haujanitoka vizuri kwenye paji, tukahamia chumba kimoja mtaa wa Kenya, mimi na wanangu na cherehani ya kukodi. Nimelala na hasira ile kila usiku, ninaijua kama ninavyojua mto wangu.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mzee wa mbabula alibaki. Nilikuwa nainua masufuria. Akanifuata mpaka jikoni, akasimama mlangoni, kofia ya kazi mikononi.

"Mama, ile neno. Ile vipande."

"Ndiyo, baba."

"Ya kwanza ni mapafu, nilisikia. Ya pili ni vumbi. Ile ya mwisho ulisema nini? Nilikuwa ninakohoa, sikushika muzuri."

Nilijua alikuwa ameishika. Nilikuwa nimeisema kabla hajaanza kukohoa, na alikuwa mmoja wa wale waliojibu. Alitaka niiseme upya, labda nitaisema tofauti. Nikamwaza daktari na bronchite yake. Nikamwaza monitrice na pochi. Ningeweza kumwambia sijui, ni Kigiriki.

"Ni ugonjwa yenye inakaa, baba. Haitoke."

Aligeuza kofia, anaitazama ndani, inatoka unga mweupe kwenye mshono.

"Haya," akasema. "Asante. Kumbe ni hivi."

Nikampa bakuli la bukari, ugali wetu, na dagaa, alikuwa hajala. Alikula amesimama, haraka, akarudisha bakuli safi. Kisha akasema aende, maana kesho ana zamu ya asubuhi.

"Usiende, baba," nikamwambia. "Ku ile mashini. Usiende."

"Na nyumba atanipa nani?" akasema, akavaa kofia.